Majina tisa ya Kansas City: kisa cha orodha ya chipukizi ya mwaka 2011

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Novemba 2015, katika uwanja wa Citi Field jijini New York, Christian Colon wa Kansas City Royals aliitwa kutoka benchi kwenda kupiga. Mechi ya tano ya World Series, fainali za besiboli ya Marekani, dhidi ya New York Mets ilikuwa imefika awamu ya 12 (kawaida huwa tisa), ubao unasoma 2-2, naye hakuwa ameshika gongo hata mara moja tangu michuano ya mtoano ianze. (Gongo la mti, si lile la chupa.) Kwenye beisi ya tatu alikuwa amesimama Jarrod Dyson, mtu aliyechaguliwa raundi ya 50 ya drafti ya mwaka 2006 (klabu hupokezana kuchagua vijana wapya, raundi kwa raundi), raundi ambayo siku hizi haipo tena kabisa. Na Dyson alikuwa pale kwa sababu aliingia kukimbia badala ya Salvador Perez, mdakaji (anayepokea mipira ya mrushaji) mzito wa miguu, aliyekuwa amefungua awamu hiyo kwa kupiga na kufika beisi ya kwanza. Colon akaupiga mpira ukadondoka kushoto mwa uwanja, Dyson akaenda nyumbani, yaani beisi ya kufungia pointi, bila presha. Baada ya hapo mlango ukavunjika: 7-2, na Kansas City Royals wakawa mabingwa kwa mara ya kwanza tangu 1985.

Watu watatu kwenye pointi moja. Mmoja alikuwa nafasi ya 51 katika orodha maarufu kuliko zote ya chipukizi wa besiboli. Wawili hawakuwemo humo kabisa. Orodha yenyewe ndiyo kisa changu.

Mapema mwaka 2011 jarida la Baseball America lilichapisha chipukizi wake 100 bora, kama linavyofanya kila mwaka tangu 1990. Ligi Kuu ya Marekani ina klabu 30, kwa hiyo kama vipaji vingegawanywa kwa haki, kila klabu ingeambulia majina matatu na kidogo. Royals walikuwa na tisa: Eric Hosmer nafasi ya 8, Mike Moustakas ya 9, Wil Myers ya 10, John Lamb ya 18, Mike Montgomery ya 19, Christian Colon ya 51, Danny Duffy ya 68, Jake Odorizzi ya 69 na Chris Dwyer ya 83. Hakuna klabu iliyowahi kufikisha tisa kabla yao. Watano walikuwa ndani ya 20 bora. Na hii ilikuwa klabu iliyotoka kupoteza mechi 95 msimu uliotangulia, klabu iliyopoteza mechi 100 au zaidi mara nne kati ya 2002 na 2006, klabu ambayo mashabiki wake walikuwa wamezoea kuanza kuzungumzia mwakani ifikapo mwezi Juni.

Kwa anayefuata soka zaidi, mfumo unahitaji maelezo kidogo. Kijana akisajiliwa hapelekwi timu kubwa. Anapelekwa kwenye ligi ndogo, na Wamarekani wenyewe huuita mfumo huo shamba. Mwaka 2010 shamba la Royals lilianzia kwenye timu za wanaoanza kabisa, likapitia Burlington kule Iowa, Wilmington kule Delaware, Springdale kule Arkansas, likaishia Omaha kule Nebraska, ngazi ya mwisho kabla ya Ligi Kuu. Skauti, yaani wasaka vipaji, huwapa vijana alama kuanzia 20 hadi 80, ambapo 50 ni mchezaji wa kawaida wa Ligi Kuu: alama ya kupiga, ya nguvu, ya mbio, ya mkono, ya ulinzi. Sasa chukua mrushaji wa miaka 19 aliye Iowa, mpigaji wa miaka 22 aliye Omaha na mdakaji wa miaka 20 aliye Delaware, uniambie nani wa kwanza, nani wa pili, nani wa tatu. Ni kama kuulizwa kipi bora kati ya mche wa mwembe, gunia la mpunga na mtetea aliyelalia mayai. Jibu linategemea unataka kula lini.

Mimi sina ugomvi na waliopanga orodha ile. Kwa taarifa za wakati ule, juu waliweka Bryce Harper wa kwanza na Mike Trout wa pili, na hadi leo hakuna wa kuwacheka kwa hilo. Ugomvi wangu ni na namna tunavyosoma namba. Namba 8 na namba 18 zinaonekana kama ngazi kumi za daraja moja, kumbe baina yao pana korongo. Tuwafuate hao tisa mmoja mmoja uone korongo lilipo.

Wapigaji walikuwa wanne. Hosmer, aliyechaguliwa wa tatu katika drafti ya 2008, alikuwa na mwaka mbaya 2009. Ikagundulika kuwa macho yalikuwa na kasoro, akafanyiwa upasuaji wa leza, na 2010 akapiga wastani wa .338 (mapigo 338 kwa kila majaribio 1,000) akipanda kutoka Wilmington hadi Arkansas. Sehemu ya mwaka ule aliicheza Wilmington, uwanja unaojulikana kwa kumeza mipira ya wapigaji. Skauti mzuri huweka jambo hilo kwenye mizani kabla hajatazama wastani. Moustakas, wa pili katika drafti ya 2007, alipiga homurani 36 mwaka huo wa 2010, yaani mara 36 aliutoa mpira nje ya uzio. Myers, wa raundi ya tatu 2009, alikuwa bado mdakaji, na klabu ikaamua kumtoa kwenye udakaji na kumpeleka uwanja wa nje ili gongo lake liwahi. Wa nne ndiye Colon.

Hosmer alianza Ligi Kuu Mei 2011, Moustakas Juni mwaka huohuo. Wote wawili, pamoja na Myers, waliwahi kuchaguliwa mechi ya nyota, ile ya kila mwaka ya wachezaji bora wa ligi: Moustakas mara ya kwanza 2015, Hosmer na Myers 2016. Namba 8, 9 na 10, wote watatu. Kwa kazi ya kutabiri maisha ya vijana wenye umri wa miaka 20, huo ni ulengaji wa manati ya mtoto wa kijijini.

Warushaji walikuwa watano, wanne kati yao mashoto. Mashoto anayerusha kwa kasi ni bidhaa adimu, na kuwa nao wanne kwa mpigo kuliwafanya wachambuzi wapandwe na homa. Lamb, wa 18, aliumia kiwiko ndani ya miezi michache tu baada ya orodha kutoka, akapasuliwa, na kasi yake haikurudi kama ilivyokuwa. Alionja Ligi Kuu Agosti 2015, tena akiwa na Cincinnati. Montgomery, wa 19, alikwama Omaha mwaka baada ya mwaka, akaja kuonekana Ligi Kuu 2015 akiwa na Seattle. Duffy, wa 68, ambaye mwaka 2010 aliwahi kuacha besiboli kwa muda na kurudi nyumbani, naye akapasuliwa kiwiko 2012, lakini ndiye aliyedumu na Royals hadi 2021. Odorizzi, wa 69, akawa mrushaji wa kutegemewa kwa miaka mingi na nyota wa 2019, ila akiwa na jezi nyingine. Dwyer, wa 83, alirusha mechi mbili za Ligi Kuu mwaka 2013, basi.

Ukitazama vizuri utaona kwamba miongoni mwa warushaji mpangilio uligeuka kichwa chini: wa 68 na wa 69 walivuna kuliko wa 18 na wa 19. Wachambuzi wa besiboli wana msemo wao kwamba hakuna kitu kinachoitwa chipukizi wa kurusha. Wanatania, lakini ni utani wa mtu aliyekwisha kuungua. Mkono wa mrushaji wa miaka 20 unafanya kazi ambayo kiwiko cha binadamu hakikuumbiwa, na hakuna skauti mwenye macho ya kuona kano inayosubiri kukatika. Kwa hiyo Hosmer wa 8 na Lamb wa 18 hawakuwa na tofauti ya nafasi kumi. Walikuwa ni bidhaa mbili tofauti zilizowekwa kwenye rafu moja.

Hapo ndipo tunafika kwa Dayton Moore, na sehemu ya kisa hiki inayonivutia kuliko zote.

Moore alichukua umeneja mkuu wa Royals, yaani kazi ya kusajili na kubadilishana wachezaji, mwaka 2006 akitokea Atlanta. Kufikia Desemba 2012 alikuwa na miaka sita na ushee kazini na bado hajamaliza juu ya nusu ya mechi katika msimu wowote. Msimu uliokuwa umeisha ulikuwa wa ushindi 72 na vipigo 90. Vijana wa kupiga walikuwa wamekwisha kupanda, warushaji wa shambani walikuwa wamevunjika. Na mkononi alikuwa na Wil Myers, aliyekuwa ametoka kupiga homurani 37 kwenye ligi ndogo na kutajwa na Baseball America kuwa mchezaji bora wa mwaka wa ligi hizo. Orodha ya 2013 ingemweka nafasi ya nne nchini kote.

Tarehe 9 Desemba 2012 Moore akamuuza. Myers, Odorizzi, Montgomery na kijana mwingine, Patrick Leonard, walikwenda Tampa Bay. James Shields na Wade Davis wakaja Kansas City. Katika mchezo huu mchezaji haondoki kwa pesa kama kwenye soka, anaondoka kwa mchezaji mwenzake, na thamani ya chipukizi iko kwenye muda: klabu inammiliki kwa miaka sita ya Ligi Kuu kabla hajawa huru, na miaka ya mwanzo analipwa karibu na kima cha chini. Royals walikuwa wanatoa miaka sita ya Myers, sita ya Odorizzi na sita ya Montgomery, kwa miaka miwili ya Shields. Davis alionekana kama nyongeza, kama embe la bakshishi anayokuwekea muuzaji juu ya fungu.

Wachambuzi walimshambulia vibaya mno, na kwa hesabu ya karatasi walikuwa sahihi. Kilichowaudhi zaidi ni kwamba nafasi ya Myers kulia mwa uwanja ilibaki kwa Jeff Francoeur, mtu aliyekuwa ametoka kuwa na msimu wa aibu kwenye gongo, na ambaye klabu yenyewe ilimwacha kabla 2013 haijaisha. Mwaka huohuo Myers akatwaa tuzo ya mchezaji mpya bora wa ligi ya American, moja ya ligi mbili zinazounda Ligi Kuu. Davis kwa upande wake akawekwa kuanzisha mechi na akapigwa kama ngoma. Kama ningeandika uchambuzi huu Oktoba 2013, ningekuwa nimeufunga kesi: Moore ameuza dhahabu.

Kisha Machi 2014 Luke Hochevar, mrushaji wa Royals aliyechaguliwa wa kwanza kabisa katika drafti ya 2006, akaumia kiwiko. Nafasi ikatokea kwenye kikosi cha wamaliziaji, Davis akaingizwa humo arushe awamu moja moja tu. Msimu ule aliruhusu wastani wa pointi 1.00 kwa kila awamu tisa. Uliofuata, 0.94. Hizo si namba za kawaida; kwa misimu miwili mtu huyo alikuwa karibu hagusiki. Royals wakaingia fainali 2014 wakafungwa na San Francisco kwenye mechi ya saba, 3-2, huku pointi ya kusawazisha ikiwa imesimama beisi ya tatu. Wakarudi 2015 wakachukua. Mpira wa mwisho wa ubingwa aliurusha Davis. Shields, ambaye ndiye aliyekuwa kichwa cha habari siku ya mabadilishano, alipigwa vibaya katika mtoano wa 2014, na 2015 alikuwa amekwisha kuhama.

Je, Moore alijua? Sidhani, na sipendi simulizi zinazompa kipaji cha unabii. Alitaka mrushaji wa kuanzisha mechi na wa kuwafundisha vijana kazi, akampata kwa misimu miwili. Embe la bakshishi ndilo lililokuwa tamu. Lakini kuna jambo alilolijua ambalo wapangaji wa orodha hawakutakiwa kulijua: kwamba Hosmer, Moustakas na wenzao wameshafika, kwamba dirisha lao la kucheza pamoja kwa gharama nafuu lina mwisho, na kwamba Myers wa nne nchini hawezi kurusha mpira. Orodha hupima mchezaji akiwa peke yake. Meneja hupima kikosi.

Tena si Myers peke yake aliyegeuzwa sarafu. Odorizzi mwenyewe alifika Kansas City kwa njia hiyo: Desemba 2010, wiki chache kabla ya orodha, Royals walimtoa nyota wao Zack Greinke kwenda Milwaukee na kupata Odorizzi, Jeremy Jeffress, Lorenzo Cain na Alcides Escobar. Cain alikuwa wa raundi ya 17 mwaka 2004. Escobar tayari alikuwa Ligi Kuu na alikuwa ametoka kuwa na msimu dhaifu. Mwaka 2014 mchezaji bora wa fainali ya ligi ya American alikuwa Cain. Mwaka 2015 alikuwa Escobar. Na Lamb, yule mashoto wa 18 aliyeharibika kiwiko? Julai 2015 alipakiwa pamoja na mashoto wengine wawili, Brandon Finnegan na Cody Reed, kwenda Cincinnati kumleta Johnny Cueto. Katika mechi ya pili ya World Series Cueto aliwaruhusu New York Mets mapigo mawili tu mechi nzima. Ukimuuliza mtu wa Kansas City kama Lamb alikuwa chipukizi aliyeshindwa, mpe muda afikiri kwanza.

Sasa Perez, doa kubwa la orodha ile.

Alisajiliwa kutoka Venezuela mwaka 2006, akiwa na miaka 16, kwa dola 65,000. Kwenye ulimwengu wa mamilioni ya bonasi, hizo ni pesa za nauli. Mwaka 2010 alikuwa Wilmington, uwanja uleule unaomeza mipira, akiwa mmoja wa wadakaji wadogo kwa umri kwenye ngazi ile. Agosti 2011 akawa Ligi Kuu, miezi michache tu baada ya orodha kumruka. Mwaka 2015 ndiye aliyetajwa mchezaji bora wa World Series, na mwaka 2021 alipiga homurani 48, nyingi kuliko za mdakaji yeyote katika msimu mmoja hadi wakati huo. Si yeye tu: Yordano Ventura kutoka Jamhuri ya Dominika, aliyesajiliwa kwa dola 28,000, naye hakuwemo kwenye 100 za 2011. Kwenye mechi ya sita ya fainali za 2014 alirusha awamu saba bila kuruhusu pointi. Alifariki kwa ajali ya gari huko kwao Januari 2017.

Kwa nini Perez alikosekana? Nadhani jibu liko kwenye kazi yake. Mdakaji huchuchumaa mara zaidi ya mia kwa mechi, anaita aina ya mpira utakaorushwa, anawatuliza warushaji waliochanganyikiwa, anamzuia mwizi wa beisi (mkimbiaji anayechomoka kwenda beisi inayofuata kabla mpira haujapigwa). Sehemu kubwa ya hiyo haina alama ya 20 hadi 80. Skauti anakwenda siku tatu Delaware, anaona kijana mnene kiasi anayepiga mipira ya kawaida, anaandika 50 na kuendelea na safari. Ilikuwa rahisi zaidi kumwona Myers, mdakaji aliyekuwa anaacha kudaka, kuliko Perez, mdakaji aliyekuwa anadaka. Na lazima niseme ukweli: ningekuwa mimi napanga mwaka ule, nisingemweka pia. Pengine ningemsogeza hadi mlangoni mwa 100 na kujisifu kwa ujasiri.

Hili la vijana wa dola chache kutoka mbali ndilo linalonifanya nitupie jicho Uganda kila mara. Watoto wa Lugazi walicheza mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport, Pennsylvania, mwaka 2012, wa kwanza kutoka Afrika, na mwaka 2022 Los Angeles Dodgers walisajili vijana wawili wa Kiganda. Hawamo kwenye orodha yoyote ya 100. Mwaka 2011 hata Perez hakuwemo.

Na Colon? Huyu ndiye kipimo kigumu cha namna ya kuhukumu. Mwaka 2010 Royals walimchukua wa nne katika drafti, mara baada ya Manny Machado kuondoka kwa nafasi ya tatu. Waliobaki mezani ni pamoja na Matt Harvey, aliyekwenda Mets kwa nafasi ya 7, na Chris Sale, aliyekwenda Chicago White Sox kwa nafasi ya 13. Kwa hesabu yoyote ya mchezo mzima, kumchagua Colon mbele ya hao ni kosa la kukosesha usingizi. Hakuwahi kuwa mchezaji wa kudumu kwenye kikosi. Usiku ule wa Citi Field, kabla hajaitwa, aliyekuwa amewakaba Royals awamu nane bila pointi alikuwa ni huyohuyo Harvey, amegoma kutoka, uwanja mzima unamwimbia. Awamu ya tisa Cain akapata beisi bila kupiga, Hosmer akaupiga mpira wa Harvey, Cain akafunga, Moustakas akamsogeza Hosmer hadi beisi ya tatu, kisha Perez akapiga mpira dhaifu wa chini na Hosmer akachomoka kwenda nyumbani wakati ambao kila kitabu cha besiboli kinamkataza. Mrusho wa Mets ukaenda pembeni. Namba 8, namba 9, na yule asiye na namba. 2-2.

Kisha ya 12, na Colon. Na mtu ambaye Colon aliingia kupiga badala yake alikuwa Hochevar, amerudi kutoka upasuaji, ameshikilia awamu ya kumi na ya kumi na moja. Ushindi uliandikwa kwa jina lake. Mwaka mmoja kabla, Septemba 2014, mechi ya mtoano dhidi ya Oakland ilifika awamu ya 12 pia. Colon alipiga mpira uliodundadunda uwanja wa ndani, Hosmer akafunga na kusawazisha, Colon akaiba beisi ya pili, Perez akampigia mpira wa kumrudisha nyumbani, 9-8. Mara mbili, awamu ya 12, watu walewale wawili. Mimi bado nasema lilikuwa chaguo baya. Ila ningeisema kwa sauti ya chini nikiwa Kansas City.

Basi ningewapanga vipi, kwa taarifa za Januari 2011 na bila kuchungulia mbele? Ningekataa kutoa namba moja hadi tisa. Ningewaweka Hosmer, Moustakas na Myers fungu la kwanza, wasiotofautiana vya kutosha kugombania. Ndani ya fungu hilo Moustakas ningemsogeza mbele kidogo ya Hosmer, kwa sababu mlinzi wa beisi ya tatu ana kazi ngumu, ilhali wa beisi ya kwanza asipopiga hana sehemu ya kujificha. (Mei 2014 Moustakas alirudishwa Omaha akiwa na wastani wa .152, kwa hiyo ningekuwa nimetukanwa sana kabla ya kusifiwa. Oktoba ya mwaka uleule alipiga homurani tano za mtoano.) Fungu la pili ningewatupa mashoto wote na Odorizzi kwa pamoja, kama mtu anunuavyo tiketi tano za bahati nasibu bila kujidai anajua ipi itashinda. Colon ningemwacha peke yake chini: mchezaji wa hakika wa kukaa benchi, kitu ambacho orodha haziwezi kukithamini kwa sababu hakuna anayenunua jarida kusoma habari za wachezaji wa benchi.

Gharama ilikuja baadaye. Shamba liliuzwa karibu lote, wapigaji wakamaliza miaka yao na kuondoka; Hosmer alikwenda San Diego mwaka 2018 kwa dola milioni 144 za miaka minane, na huko akamkuta Myers. Royals walipoteza mechi 104 mwaka huo na 103 uliofuata.

Katika msimu huo wa 103, Perez hakucheza kabisa. Machi 2019 alipasuliwa kiwiko. Klabu ikamleta haraka Martín Maldonado adake badala yake. Ilipofika Julai wakamtoa Maldonado kwenda Chicago Cubs, na aliyekuja kama malipo alikuwa mrushaji mashoto mwenye umri wa miaka 30, aliyewahi kupata auti ya mwisho (kumtoa mpigaji wa mwisho) ya ubingwa wa Cubs mwaka 2016. Alikuwa Mike Montgomery, nafasi ya 19, akija kuwarushia Royals mechi ya Ligi Kuu kwa mara ya kwanza maishani mwake.